Kidole Gumba cha Mkwe

Barua ya kupunguzwa kazi niliipata wiki mbili kabla ya Krismasi ya 2023, imebanwa kwa pini pamoja na kalenda ya mwaka mpya. Kalenda ilikuwa nzuri, ya karatasi nzito, na mama watoto aliitundika sebuleni kabla sijapata ujasiri wa kumweleza kilichokuja nayo. Ipo mpaka leo. Miaka kumi na minne nilikaa meza moja nikihesabu fedha za watu, halafu jioni moja nikarudi Tabata na kikombe changu cha chai kwenye mfuko wa rambo.

Watu wa jumuiya hawakutuacha. Walikuja kutupa pole kwa zamu, na mimi kwa mazoea ya uhasibu nikawa nawahesabu. Hadi mwisho wa Februari walikuwa wamefika kumi na mmoja, na tisa kati yao walinisomea Yeremia sura ya 18, pale nabii anapotumwa ashuke nyumbani kwa mfinyanzi, akakuta chombo kimeharibika mkononi na mfinyanzi anakifanya upya kiwe chombo kingine. “Wewe ni udongo, baba. Tulia ufinyangwe.” Wa kumi hakuwa na Biblia. Wa kumi na moja alikula maandazi sita, ndipo naye akafungua palepale, ila miwani ilimgomea. Hata jirani yetu, mzee wa Rufiji tunayepakana naye, alinikumbusha juu ya ukuta kwamba kwao pia, katika Sura ya Ar-Rahman, mtu ameumbwa kwa udongo mkavu kama wa vyungu. Nikawa udongo wa dini mbili.

Nisieleweke vibaya, niliamini, na bado naamini. Kasoro ni kwamba nilimwachia Mungu kila kitu isipokuwa ratiba. Kwenye daftari nilikuwa nimeandika: Januari usaili, Februari ajira, Aprili kodi. Nikipiga magoti nilikuwa kama mtu aliyepeleka nguo ya sikukuu kwa fundi cherehani, kila jioni anapita dirishani kuuliza imefikia wapi. Januari ikapita, Februari ikapita, na mwenye nyumba, ambaye kama wenye nyumba wengi wa Dar es Salaam hupokea kodi ya miezi sita kwa mkupuo, akaanza kunisalimia kwa jina langu kamili.

Katikati ya Machi akaja mama mkwe.

Ametoka Ikombe, kijiji cha Wakisi pembeni mwa Ziwa Nyasa, ng'ambo ya Matema, chini ya Milima ya Livingstone. Huko wanawake wamefinyanga vizazi na vizazi, na vyungu hupandishwa mitumbwi kwenda mnadani Lyulilo. Kutoka Kyela hadi Dar ni zaidi ya kilomita 900 za basi. Nilimpokea stendi ya Mbezi usiku, akashuka na kapu, mwamvuli na kiroba ambacho utingo alikishusha huku akiguna. Nikajua ni mchele wa Kyela. Moyo ukafurahi, maana mchele wa Kyela unajulikana. Nikakibeba begani hadi kwenye bajaji, na shingo ilikuwa imeshapinda nilipouliza, “Mama, mchele huu wa wapi, mzito namna hii?”

“Si mchele, baba. Udongo.”

Alisikia mkwewe hana kazi, akaja na kazi.

Hapa nieleze kidogo habari ya ukwe, kwa faida ya wale ambao wakwe zao wako mbali. Mama mkwe habishiwi, na hakuna kupishana naye koridoni ukiwa na taulo. Kwa siku tisini na mbili, katika nyumba yenye bafu moja, nilioga saa kumi alfajiri. Kwa hiyo alipokagua sebule, akatazama kochi letu la watu watatu, akasema, “Hili litoke, hapa patakaa vyungu,” kochi lilitoka. Likakaa barazani, na kuku wa mzee wa Rufiji wakalihamia.

Udongo wa Ikombe haukutosha, akanituma kutafuta mwingine bondeni, akaonja kila nilicholeta. Ndiyo, kwa ulimi. Wa kwanza aliutema, wa pili aliutema, wa tatu akasema utafaa ukichanganywa. Ukalowekwa kwenye beseni la kuogeshea watoto, ukachujwa mizizi, ukapigwa. Siku nzima ya kwanza nilichosikia ni pu, pu, pu, mama wa miaka sitini na tisa akiuinua udongo na kuubamiza juu ya gunia, akiukunja, akiubamiza tena ili hewa itoke. Nikasimama mlangoni nikawaza wale wageni wangu tisa. Hakuna hata mmoja aliyegusia habari ya kubamizwa.

Hana gurudumu la mashine. Tako la chungu hulikalisha kwenye kigae kikubwa kilichopinda, mkono wa kushoto ukakizungusha kigae polepole, wa kulia ukapandisha ukuta. Unene akaupunguza kwa kipande cha kibuyu, mdomo wa chungu akaulainisha kwa jani bichi, na kwa kumalizia akasugua kwa jiwe dogo la ziwani linalong'aa kama jicho la samaki. Jiwe hilo alipewa na mama yake, hulifunga pembeni mwa khanga. Muda wote huo haimbi wala hasali kwa sauti. Siku moja nilijaribu kumchokoza. Nikamwambia, mama, huku mjini kila mtu ananiambia Mungu ni mfinyanzi, wewe mwenyewe mfinyanzi wasemaje? Akaendelea kuzungusha kigae. Mwishowe akasema, “Nipatie maji.”

Vyungu vikafika ishirini na viwili. Vikapangwa sebuleni kivulini, vimefunikwa vitenge vya zamani visikauke upande mmoja. Amri ilikuwa fupi: wiki mbili, na kwa mvua hii huenda tatu, na asiguse mtu.

Siku ya nane nikapata mteja. Mwenye mgahawa mmoja wa samaki aliviona kupitia dirishani akasema atachukua vyote, fedha taslimu, ila viwe tayari kabla ya Jumapili, ana shughuli. Nikalitazama daftari langu. Aprili: kodi. Nikaona kabisa mkono wa Bwana.

Usiku huo, saa nane, mama mkwe akikoroma chumbani na watoto, nikaanza kwa kubonyeza chungu kimoja na kidole gumba kuona kama kimekauka. Kikabonyea kidogo, nikapapasa kuficha alama. Kisha nikawasha majiko mawili ya mkaa jikoni, nikavihamisha vyungu kimoja kimoja kama mtu anayeiba watoto wachanga, nikavizungushia moto. Hata pasi ya mkaa niliiweka ndani ya mtungi mkubwa. Kabla ya saa kumi nikavirudisha, nikafunika vitenge, nikaoga. Nikarudia usiku wa pili na wa tatu.

Jumamosi ya Aprili 13 mvua ilitupa upenyo wa jua. Idd ilikuwa imepita siku tatu tu. Nikamwambia mama mkwe kwamba nahisi vimekauka. Mfinyanzi hupima kwa shavu. Chungu chenye maji ndani kina ubaridi ambao mkono unaweza usiujue, lakini shavu huujua. Akainua cha kwanza, akakilaza shavuni, akafumba macho. Akabadilisha shavu.

“Kina joto.”

“Ni hali ya hewa ya Dar, mama.”

Mungu anisamehe. Alinitazama, akakilaza tena shavuni, akashindwa kukipinga kipimo alichokiamini maisha yake yote. Vikapangwa uwani juu ya kuni, tukajaza makumbi ya nazi na maranda kutoka kwa seremala, juu tukafunika nyasi na vigae vya bati. Akawasha.

Robo saa ya kwanza ulikuwa moshi tu, ukapanda ukanyooka kwenye kamba ya mzee wa Rufiji, ambako kanzu yake ya Idd ilikuwa imeanikwa. Kisha ikasikika paa! Watoto wakacheka. Paa! Paa-paa! Kigae kimoja kikaruka juu ya ukuta kikatumbukia kwenye ndoo ya jirani. Kuku wakashuka kwenye kochi. Mtu barabarani akapiga kelele kwamba majambazi wameingia kwa mhasibu, na mwingine, anayenifahamu zaidi, akamjibu wafuate nini kule. Mjumbe wa nyumba kumi akafika na kandambili mguu mmoja, simu mkononi, kabla hajaambiwa kitu amekwishapiga 114 ya zimamoto, na ilinichukua dakika kadhaa za unyenyekevu kumshawishi awarudishe. Mama mkwe alikaa juu ya kigoda, hakuinuka. Alikuwa anahesabu. Kila mlipuko alikunja kidole kimoja.

Vilipasuka kumi na tano. Vitatu vikatoka na ufa. Mwenye mgahawa alikuja, akasimama langoni, akanusa, akaondoka.

Binti yetu mkubwa, wa kidato cha tatu, alinieleza jioni ile kwa huruma ya mwalimu. Maji yaliyobaki ndani ya ukuta wa chungu yakifika nyuzi 100 hugeuka mvuke, mvuke hutaka nafasi, usipoipata huupasua ukuta. Nje pakishakauka haraka ndiyo mbaya zaidi, mlango unakuwa umefungwa. Nikasema ahaa.

Usiku, umeme wa LUKU umekwisha, mama mkwe aliwasha kibatari akaketi kuchambua vigae. Nilipita nikielekea nje, akaniita. Alikuwa ameshika kimoja, ukubwa wa kiganja, amekielekeza kwenye mwanga. Katikati palikuwa na kibonyeo, na ndani ya kibonyeo mistari ya kidole imekaa vizuri kuliko nilipochukuliwa alama za kitambulisho changu cha taifa, imekatwa kwa mshazari na kovu. Kovu hilo nililipata nikiwa na miaka tisa, kwenye mfuniko wa kopo la maziwa. Hakuna mwingine nyumbani mwenye kidole gumba cha namna hiyo. Moto ulikuwa umekwishauchoma ushahidi, haufutiki tena kwa maji.

Hakusema neno juu yake. Mkwe naye ana heshima zake kwa mkwe. Alikiweka kigae kwenye kinu, akamwaga na vingine, akanyoosha mkono akanipa mchi.

“Twanga, baba. Isiwe unga. Iwe kama chenga za mchele.”

Basi nikatwanga. Vigae vya vyungu kumi na tano havitwangwi kwa siku moja. Nilitwanga uwani mchana kweupe, mwanamume mzima mwenye diploma ya uhasibu, na mtaa ukapata kazi ya kupita. Vijana wa bodaboda waliniuliza bei ya kilo. Mama watoto alinionea huruma akataka kunipokea mchi, mama yake akamwita ndani.

Chenga zile ndizo zilizochanganywa na udongo mpya. Ni ufundi wa wafinyanzi wa sehemu nyingi duniani, wengine hutumia mchanga, wengine vigae. Kilichokwisha kuungua hakisinyai tena, kwa hiyo udongo haujivuti wote kwa pamoja ukapasuka, na mvuke unapata vijinjia vya kutokea. Mama mkwe alinifafanulia siku hiyo, na ndiyo mara pekee aliyozungumza kwa urefu. Udongo laini peke yake, alisema, unapendeza mkononi, mtoto yeyote angeupenda, lakini moto haukai nao. Akasugua chenga kati ya vidole akazimwagia maji.

Nilikuwa katikati ya kutwanga, Aprili 25, redio ya mzee wa Rufiji iliposema Waziri Mkuu ameliambia Bunge kwamba mvua za msimu huu wa El Niño zimeua watu 155 nchini. Sisi Tabata tunaliangalia Bonde la Msimbazi kila siku, tunajua maji yale yakija yanavyokuja. Nikaweka mchi chini. Miezi minne nilikuwa nimetembea na habari yangu ya kufinyangwa kana kwamba nimepewa cheo. Nikajaribu kumwaza mtu amekaa juu ya godoro lililolowa, mtoto wake hajaonekana, na mimi nimebisha hodi na Yeremia 18 mkononi. Kwa maoni yangu lile ni neno la mtu kujisomea mwenyewe. La kumsomea mwenzako, ngoja akuombe. Usiku ule mama mkwe aliomba kwa ajili ya waliofiwa, kwa Kikisi, maneno machache. Mimi nilipiga magoti nikagundua sina tarehe ya kumpa Mungu. Nikakaa kimya, nikasinzia palepale.

Mwenye nyumba alikuja Aprili 30 kama alivyoahidi. Alitaka laki tisa, nilikuwa na laki moja na elfu sitini. Akaona sebule haina kochi, akaona vyungu vibichi kumi na tisa kwenye vitenge, akaona mama mtu mzima ameketi chini na mikono imejaa udongo. Mama mkwe akamwamkia kwanza, ingawa kwa umri yeye ndiye aliyestahili shikamoo, akamwuliza habari za mama yake. Kumbe mama yake ni mgonjwa, yuko Singida. Wakaongea nusu saa. Akatupa mwezi mmoja. Sikuwa nimeandika hilo popote kwenye ratiba.

Kisha ikaja Hidaya. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa imetangaza kimbunga, na Mei 4 kikafika pande za Mafia. Kwetu ulikuwa upepo na maji ya kutoka pembeni, bati moja la sebule likainuka. Tulivikimbiza vyungu gizani hadi chumbani kwetu, kumi na tisa, chini ya kitanda na juu ya kabati, na viwili ambavyo havikupata mahali tukalala navyo, mama watoto upande wake, mimi upande wangu. “Usikiguse,” alininong'oneza, “kikitaka kujigeuza kitajigeuza chenyewe.” Tulicheka mpaka mama yake akakohoa chumba cha pili. Sikumbuki mara ya mwisho tulicheka hivyo tangu ile kalenda. Vilikaa humo wiki tatu. Sikubonyeza.

Tulichoma Jumamosi ya Mei 25, kwenye kiwanja cha wazi mbali na kamba za nguo, mjumbe amealikwa rasmi na kupewa kiti. Mama mkwe alipima kila kimoja kwa shavu, halafu, kwa mara ya kwanza, akanipa cha mwisho nipime mimi. Hakikuwa na joto wala baridi. Sauti tulizozisikia ni mbili tu. Kumi na saba vikatoka, rangi ya mkate ulioiva, na walinzi wa zamu pale kiwanjani wakataka kujua kama vinaivisha maharage haraka.

Ningependa kuandika kwamba vyungu hivyo vililipa kodi. Havikulipa. Viwili tulitoa sadaka, vikapigwa mnada nje ya kanisa baada ya ibada kama inavyopigwa mikungu ya ndizi na majogoo. Vingine vilikwenda kwa mama lishe kwa elfu kumi, elfu kumi na mbili. Gharama za kuni ukitoa, hesabu yake ni ndogo. Lakini hesabu hiyo niliiandika. Nilikuwa nimechora kwenye daftari, juu ya ile ratiba yangu iliyokufa, udongo ulioingia, vyungu vilivyopasuka, vilivyouzwa, anayedaiwa na amelipa nini. Mama lishe mmoja alikuja kulipa salio, akaona jina lake na tarehe zake zimenyooka, akauliza nani ameandika. Yeye ni mwenyekiti wa VICOBA, kikundi cha kuweka na kukopa cha akina mama thelathini, na kitabu chao kilikuwa kimewagombanisha tangu Januari. Nikaenda jioni moja kukinyoosha. Mwezi wa Juni vilikuwa vikundi vitatu na duka moja la vifaa vya ujenzi. Mshahara wa zamani haujafikiwa, wala sioni ukifikiwa karibuni. Wananilipa kwa wiki, wengine kwa unga.

Jirani yangu nilimnunulia kanzu nyingine. Ile yenye moshi anaivaa akichoma mkaa.

Mama mkwe alipanda basi la Kyela katikati ya Juni, kiroba chake kikiwa na nguo za watoto za kupeleka kijijini, jiwe lake pembeni mwa khanga. Mwenye nyumba akakubali kupokea kodi ya miezi mitatu mitatu, nasi tukalipa hadi mwisho wa Agosti. Kochi limerudi ndani, lina harufu ya kuku. Chungu kimoja kati ya vile vitatu vyenye ufa, vya uchomaji wa kwanza, mama mkwe hakunipa nikitwange. Hakishiki maji. Tunawekea vitunguu.